Matukio ya muda kwenye gemu za bure: piga hesabu siku ya kwanza

Tukio la muda ni sehemu ya gemu inayofunguliwa kwa siku chache tu, ambamo unakusanya tokeni au pointi ili upate zawadi. Hasira nyingi za matukio haya hulipuka siku tatu za mwisho. Mchezaji anafungua duka la tukio, anaona bado anadaiwa tokeni 900, anatazama saa inayohesabu kurudi nyuma, ndipo anagundua kwamba hata akikesha hazitatimia. Kitufe cha kununua zilizopungua kipo palepale, tena kimekolezwa rangi. Habari zote za kumwonya zilikuwepo tangu tukio linafunguliwa, ila zilikuwa zimetawanywa kwenye kurasa nne za menyu. Kinachofuata ni namna ya kuzikusanya mapema, kuzigeuza kuwa saa za kucheza, na kuamua kama tukio linastahili muda wako kabla hujaanza kulitumikia.

Andika haya kabla ya mechi ya kwanza

Fungua ukurasa wa maelezo ya tukio. Kwa kawaida umefichwa nyuma ya alama ndogo ya kuuliza kwenye kona. Chukua karatasi au programu ya kuandikia kwenye simu, uweke:

- Mwisho wa tukio na mwisho wa duka lake. Mara nyingi ni tarehe mbili. Tokeni huacha kupatikana kwanza, duka hubaki wazi siku chache zaidi. Kuna gemu zinazofunga vyote kwa pamoja, na hapo ndipo watu hubaki na tokeni mkononi bila pa kuzipeleka.
- Kila njia ya kupata tokeni na kikomo chake: kwa siku, kwa wiki, au kwa tukio zima.
- Bei ya kila bidhaa dukani, na mara ngapi inaweza kununuliwa.
- Masharti ya kushiriki: kiwango cha akaunti, sehemu ya hadithi unayopaswa kuwa umeimaliza, mhusika fulani, au timu ya watu kadhaa.
- Tokeni zinazobaki zinageuka nini. Zikifutwa, zitumie zote. Zikigeuka sarafu za kawaida, angalia kiwango cha ubadilishaji kwanza.

Sharti la timu lipe uzito wake. Kazi inayosema “shinda mechi 10 na wachezaji wa klabu yako” ni nyepesi siku mbili za mwanzo, wakati kila mtu yumo. Wiki ya pili wenzako wameshaimaliza na hakuna anayeitikia. Kazi za kutegemea watu zifanye kwanza, za peke yako ziache baadaye.

Saa ya nani?

Tarehe ya mwisho huandikwa kwa saa za UTC (saa ya pamoja ya kimataifa), kwa saa za seva (kompyuta zinazoendesha gemu), au kwa saa za mahali ulipo, na kila mpangilio una mtego wake. Genshin Impact huanza siku mpya saa 04:00 za seva, na seva zake ziko katika kanda tofauti, kwa hiyo wachezaji wawili wa gemu hiyohiyo wanaweza kuwa na mwisho wa siku usiolingana. Pokémon GO nayo hufuata saa za mahali mchezaji alipo: tukio lake la Siku ya Jamii (Community Day) huchukua kwa kawaida saa tatu tu, 14:00 hadi 17:00, na zikipita zimepita.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna hatari ya ziada. 04:00 ni saa kumi alfajiri, na 10:00 ni saa nne asubuhi. Ukiandika “linaisha saa 10” kwenye karatasi yako, siku ya mwisho utajikuta unasubiri jioni wakati tukio lilishafungwa asubuhi. Andika kwa mtindo mmoja tu, kisha weka kengele ya simu saa 24 kabla ya mwisho. Usiweke saa moja kabla: seva huelemewa dakika za mwisho, na tukio likifungwa kwa matengenezo ya sasisho jipya, gemu yenyewe huzimwa mapema.

Kugeuza tokeni kuwa saa

Tuchukue tukio la mfano la siku 14. Kuingia tu kunakupa tokeni 20 kwa siku. Kazi za kila siku zinatoa 120 na zinachukua kama dakika 20. Mechi inatoa 8 ukishinda na 3 ukishindwa. Vazi la mhusika wako unalolitaka linauzwa tokeni 3,200.

Anza na tokeni za uhakika: (20 + 120) × 14 = 1,960. Pengo linalobaki ni 1,240, na hilo ni lazima lizibwe na mechi.

Hapa wengi hujidanganya kwa kuhesabu ushindi peke yake. Chukulia unashinda nusu ya mechi zako. Wastani ni tokeni 5.5 kwa mechi, kwa hiyo unahitaji mechi 226.

Sasa tafuta mechi moja inakula dakika ngapi kweli. Muda unaoonyeshwa kwenye skrini ya matokeo haufai. Washa saa ya simu unapobonyeza kitufe cha kutafuta mechi, uizime unapokuwa tayari kukibonyeza tena. Foleni, kupakia ramani, kutazama zawadi zikifunguka moja moja, vyote vimo. Mechi ya dakika 6 hugeuka 9 bila taabu. Pima mechi tano katika saa unazocheza siku zote, kwa kuwa foleni ya jioni si ya usiku wa manane.

Kwa dakika 9, mechi 226 ni dakika 2,034, yaani karibu saa 34. Gawa kwa siku 14: saa 2 na dakika 25 kila siku, juu ya zile dakika 20 za kazi za siku. Hiyo ndiyo bei halisi ya vazi “la bure”.

Kisha jaribu kuiharibu ratiba. Kukosa siku moja kunapoteza tokeni 140, ambazo kuzirudisha kwa mechi kunataka mechi 26, karibu saa nne. Ukikosa siku mbili, mzigo wa siku zilizobaki unapanda hadi saa 3 na dakika 28. Ukigundua tukio siku ya tano na kuanza hapo, unahitaji saa 4 na dakika 55 kila siku hadi mwisho.

Hesabu hii inatoa mafunzo mawili. Siku yenye shughuli nyingi, fanya kazi za siku tu na uondoke. Dakika 20 hizo zina thamani kuliko kikao kizima cha mechi. Na usipange kamwe kwa siku zote 14. Panga kwa 12. Ikiwa hesabu ya kukosa siku mbili bado inavumilika, ingia. Isipovumilika, shuka ngazi uchague zawadi ndogo, ambayo tokeni 1,680 za uhakika za siku 12 zinaifikia.

Kumbuka pia kutofautisha vikomo. Kazi za siku zisizolimbikizwa hufa usiku. Za wiki hukungoja hadi wiki iishe. Na kuna matukio yanayokusanya kazi zote tangu siku ya kwanza, ambayo unaweza kuyaanza wiki ya pili na kuyamaliza kwa vikao viwili vitatu. Mtindo huu wa tatu ndio wenye heshima zaidi kwa mchezaji, na ukiona gemu inautumia, punguza wasiwasi. Kinyume chake ni hatua zinazofunguliwa moja kila siku: hapo hata ucheze vipi siku ya kwanza, huwezi kutangulia, kwa hiyo usijichoshe.

Ngazi zinazonenepa kadiri unavyopanda

Matukio mengi hayana duka bali ngazi ya zawadi. Soma pointi za kila kipande, usiangalie namba ya kipande. Tuseme kuna vipande 30: vya 1 hadi 10 vinataka pointi 100 kila kimoja, 11 hadi 20 vinataka 250, na 21 hadi 30 vinataka 600. Jumla ni 9,500. Ukifika kipande cha 20, skrini inaonyesha theluthi mbili za safari. Kwa pointi umekusanya 3,500 tu, yaani asilimia 37. Anayekata tamaa kipande cha 23 si mvivu. Amefika mahali ambapo kila kipande kinakula mara sita ya kile cha mwanzo.

Zawadi ya kukusukuma mwanzoni nayo imepangwa. Mwaka 2006 watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio la kadi za kuosha gari. Kundi moja lilipewa kadi ya mihuri minane, jingine kadi ya mihuri kumi ambayo miwili ilikuwa imeshagongwa. Kazi iliyobaki ilikuwa ileile, lakini waliomaliza ni asilimia 19 katika kundi la kwanza na 34 katika la pili. Kwa hiyo tukio likikupa “asilimia 30 za kuanzia” kama hisani, futa hizo 30 kichwani na uhesabu pointi zilizobaki.

Nishati

Kwenye gemu zenye nishati, yaani pointi unazotumia kucheza na zinazojirudisha zenyewe kadiri muda unavyopita, namba ya kujua ni muda wa kujaa: ukomo mara dakika za kila pointi. Genshin Impact ina ukomo wa 200 na pointi moja kila dakika 8, hivyo hujaa kwa saa 26 na dakika 40. Ukiingia mara moja kwa siku, saa ileile, hupotezi kitu. Gemu yenye ukomo wa 120 na pointi kila dakika 5 hujaa kwa saa 10. Ukiingia mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, unapoteza pointi 48 kati ya 288, sawa na moja ya sita.

Moja ya sita hiyo iache ipotee. Kuamka usiku kuokoa pointi 24 ni biashara mbaya kwa kipimo chochote. Kilicho muhimu zaidi ni kutokuwa na mfuko mtupu tukio linapoanza: dawa za kujaza nishati ulizozawadiwa zihifadhi kwa ajili ya tukio, na uangalie tarehe yake ya kuisha, kwani nyingine hufutika baada ya siku saba.

Nini cha kununua dukani

Vitu visivyopatikana penginepo na ambavyo utavitumia kweli, kwanza. Kisha vifaa adimu vya kuimarishia wahusika. Sarafu za kawaida, mwisho kabisa, au usinunue. Kupima kifaa, linganisha na nishati: kama kifaa fulani hupatikana kwa nishati 20 kwenye uwanja wa kawaida, na dukani unakipata kwa tokeni zilizokugharimu nishati 35, duka linakuibia. Usinunue vitu vidogo kabla hujafikisha bei ya kitu kikubwa. Kosa hili ndilo linalowaacha watu wakipungukiwa tokeni 60 saa ya mwisho.

Ukifika mahali pa kutoa pesa

Pasi ya msimu, yaani tiketi ya kulipia inayoongeza zawadi kwenye ngazi ya msimu, usiilipie mwanzoni. Pasi nyingi hutoa zawadi zote za ngazi ulizokwishapita mara tu unapolipa, hata ukilipa siku ya mwisho. Hakikisha hilo kwenye maelezo, cheza kwa njia ya bure, kisha lipa ukiwa umeshafika ngazi unayoitaka. Ukishindwa kufika, pesa zako zimebaki.

Droo zenye bahati nasibu, ambapo kila mvuto unakupa kitu cha kubahatisha, zinahitaji hesabu ya baya kabisa. Uwezekano wa asilimia 1 hauna maana kwamba mivuto 100 inakuhakikishia kitu: baada ya mivuto 100, watu 37 kati ya 100 bado hawajakipata. Tafuta kama kuna ukomo wa dhamana, yaani idadi ya mivuto ambayo ukiifikia lazima upate. Genshin Impact ina ukomo wa mivuto 90 kwa mhusika wa nyota tano (daraja la juu kabisa), lakini wa kwanza anaweza asiwe yule anayetangazwa; dhamana kamili ni mivuto 180. Kila mvuto ni primogem 160 (sarafu ya gemu hiyo), hivyo hesabu ya baya kabisa ni 28,800. Usipokuwa nazo, usianze kuvuta kwa matumaini. Zihifadhi kwa droo nyingine. Angalia pia kama hesabu ya mivuto yako inahamia droo inayofuata au inarudi sifuri.

Vifurushi vya vito, yaani sarafu ya gemu inayonunuliwa kwa pesa, hupangwa visilingane na bei. Kitu cha vito 1,200 kikiuzwa kwa vifurushi vya 1,000 na 500, utabaki na 300, na hizo 300 ndizo zitakazokuita kwenye ununuzi ujao. Gawa pesa ulizolipa kwa kitu ulichopata, mabaki usiyahesabu kama mali.

Na saa inayohesabu kurudi nyuma usiiamini bila kuichunguza. Mwaka 2024 mamlaka ya Uholanzi inayolinda watumiaji, ACM, iliitoza Epic Games faini ya jumla ya euro 1,125,000 kuhusu duka la Fortnite. Miongoni mwa sababu ni saa zilizopotosha, kwa kuwa baadhi ya vitu viliendelea kuuzwa baada ya muda kwisha. Gemu hiyohiyo ilitangaza, kuanzia msimu wa Agosti 2024, kwamba vitu vya pasi vinaweza kurudi dukani baada ya miezi 18. Halo Infinite nayo iliuza pasi zisizoisha muda tangu mwanzo. Kabla ya kulipa, tafuta historia ya matukio ya gemu yako: vazi lililorudi mara mbili huenda likarudi ya tatu, na kusubiri hakugharimu kitu.

Umeshalipa na umejuta? Google Play hupokea maombi ya kurudishiwa pesa ndani ya saa 48. Baada ya hapo utaelekezwa kwa mtengenezaji. Kwa Apple, ombi hupitia reportaproblem.apple.com. Usitumie vito ulivyonunua wakati unasubiri jibu. Kukimbilia benki kuzuia malipo bila kuzungumza na mtengenezaji mara nyingi huishia akaunti kufungiwa. Simu inayochezewa na mtoto iwekewe nenosiri kwa kila ununuzi. Kwenye iPhone ununuzi wa ndani ya programu unaweza kuzimwa kabisa kupitia mipangilio ya Muda wa Skrini (Screen Time).

Saa 24 za mwisho

Kengele ikilia, fanya kwa mpangilio huu. Dai zawadi zote zilizokamilika, maana gemu nyingi haziziingizi zenyewe. Nunua kitu kikubwa. Tumia mabaki. Fungua kisanduku cha barua cha gemu na uchukue viambatisho, navyo vina tarehe ya kuisha. Piga picha ya skrini ya maendeleo yako ikionyesha saa. Kama bado unapungukiwa, rudia hesabu ya mechi mara moja: tokeni zilizobaki ÷ wastani × dakika. Jibu likizidi saa ulizonazo, acha sasa hivi, usicheze “kidogo tu tuone”.

Arifa za gemu zima zote isipokuwa ya nishati kujaa, kama utaihitaji. Nyingine hazikuambii jambo ambalo karatasi yako haina.

Kulalamika kwa namba

Mechi ikikatika au zawadi isipoingia, tuma ombi la msaada siku hiyohiyo. Weka namba ya akaunti yako, seva, tarehe na saa kwa UTC, toleo la gemu, aina ya simu, jina la kazi iliyogoma kama lilivyoandikwa kwenye skrini, na picha. Tatizo moja kwa kila ombi. Ukichanganya matatu utajibiwa jepesi kuliko yote. Tuma kabla tukio halijafungwa, kwa sababu baadaye wahudumu wengi huwa hawana uwezo wa kuongeza tokeni za tukio lililokwisha.

Malalamiko kuhusu muundo wa tukio yanahitaji kitu kingine: hesabu ile uliyofanya siku ya kwanza. Mwishoni mwa 2019 World of Warships ilitoa tukio la kujenga meli Puerto Rico. Wachezaji walipojumlisha kazi zilizotakiwa, walionyesha kwamba bila kununua viongeza kasi karibu haiwezekani kuimaliza kwa wakati, na majedwali yao ndiyo yaliyogeuza manung'uniko kuwa hoja ambayo kampuni ililazimika kuijibu. “Tukio hili ni la wizi” haimpi mtengenezaji cha kurekebisha. “Kwa ushindi wa nusu ya mechi, vazi linataka saa 34 ndani ya siku 14, na kukosa siku moja kunaongeza saa nne, ruhusuni kazi za siku zilimbikizwe kwa siku tatu” inampa. Taja kiwango chako cha ushindi na dakika zako za mechi, ili atakayetaka kuikagua hesabu aikague.